Nadaiwa kodi ya miezi miwili na hoteli imetusimamisha: nianzie wapi?

*"Naishi Kisauni, Mombasa, chumba na sebule, kodi 8,500 kwa mwezi. Nimefanya usafi wa vyumba katika hoteli moja ya ufuoni kwa miaka mitano na kitu, mshahara wa msingi 21,000. Aprili wageni walipopungua tuliambiwa twende nyumbani, tutaitwa mambo yakitengemaa. Hatukupewa barua. Sijalipa kodi ya Aprili wala ya Mei. Mwenye nyumba ni mzee mstaarabu, lakini siku hizi mwanawe ndiye anayesimamia, na amesema tarehe 5 Juni ikipita ataweka kufuli lake mlangoni na kuchukua friji, na nikileta maneno ataniitia polisi. Jirani ananiambia nisijali, eti kisheria hawezi kunitoa mpaka nifikishe miezi sita. Kuna programu mbili za mikopo kwenye simu, nikizichanganya napata 15,000. Nichukue? Na zile pesa za nyumba tulizokuwa tukikatwa kwa mshahara, haziwezi kunilipia kodi? Nina watoto wawili, gredi ya nne na ya pili."*

Dada yangu, mkopo wa simu usichukue. Nitakueleza sababu, ila kama unasoma hapa huku simu nyingine iko tayari, iweke kando kwanza.

Kinachokunyima usingizi ni tarehe 5, na karibu kila ulichoambiwa kuihusu kina kasoro. Jirani yako anakutakia mema lakini anakupotosha. Hakuna sheria Kenya inayompa mpangaji miezi sita ya kukaa bila kulipa. Sheria ya Ardhi ya 2012 inamruhusu mwenye nyumba kutoa notisi ya kuvunja upangaji kodi ikipitisha mwezi mmoja bila kulipwa. Na kwa mpangaji wa mwezi kwa mwezi, hata asiyedaiwa senti, notisi ya mwezi mmoja inatosha. Utakutana pia na watu wanaonukuu Mswada wa Wenye Nyumba na Wapangaji wa 2021 kana kwamba ni sheria. Ulibaki mswada. Ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, ipo na ina meno, lakini inamlinda mpangaji ambaye kodi yake haizidi 2,500 kwa mwezi. Kodi ya namna hiyo leo utaipata labda kwenye chumba kimoja cha nyumba ya Kiswahili, zile zenye ukumbi katikati na choo cha pamoja uani. Wewe wa 8,500 uko nje yake.

Lakini kijana naye hana sheria mkononi. Kumtoa mpangaji kwa nguvu kunataka amri ya mahakama. Kufuli la mwenye nyumba juu ya mlango wako, kung'oa mlango, kukata maji ili uchoke mwenyewe, hayo ni mambo yanayofanyika kila mwezi mjini humu, na kuzoeleka kwake hakuyafanyi kuwa halali.

Friji ni suala la namna nyingine, nalo nataka ulielewe vizuri maana hapa wengi hupigwa na butwaa. Kijana mwenyewe hawezi kuingia akaibeba. Huo ni wizi au ni karibu yake. Hata hivyo iko sheria, Sura ya 293, inayompa mwenye nyumba haki ya kukamatisha mali ya mpangaji kwa ajili ya malimbikizo ya kodi. Anayefanya kazi hiyo lazima awe dalali mwenye leseni, aandike orodha ya alivyokamata, akupe muda wa kukomboa kabla ya mnada, na nguo zenu za kuvaa na matandiko haziguswi. Njia hii haingoji kesi iishe, na ada za dalali zinaongezwa juu ya deni lako. Kwa hiyo akija mtu na karatasi ya dalali, usiichane wala usiiweke chini ya godoro. Siku hiyo hiyo uende kwa mwanasheria.

Polisi hawahusiki. Deni la kodi ni la madai, si jinai, na hakuna askari wa kukulaza ndani kwa sababu ya Aprili na Mei.

Zile pesa za nyumba kwenye mshahara hazina msaada hapa. Ni asilimia 1.5 ya mshahara wako, na mwajiri huongeza asilimia 1.5 nyingine, chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024. Kwa kila 20,000 unakatwa 300. Zinajenga nyumba, na hakuna dirisha unaloweza kwenda ukasema umekwama kodi. Inua Jamii nayo inatoa 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, mayatima na wenye ulemavu mkubwa, kwa hiyo wewe huingii. Nakwambia haya mapema usije ukapoteza nauli.

Sasa tumwangalie kijana mwenyewe, maana ukijua anahesabu nini utajua umpe nini. Ulipoingia mlimlipa mzee dipositi, na nachukulia ni ya mwezi mmoja, 8,500, kama ilivyo desturi. Deni la Aprili lilikuwa limefunikwa na dipositi hiyo. Ungehama, asingepoteza. Mei ilipopita bila malipo, kila siku unayolala humo ni hasara yake. Ndiyo sababu wenye nyumba wengi huwa wapole mwezi wa kwanza na wakali mwezi wa pili. Anachoogopa si wewe. Anaogopa deni litakalokua mpaka uhame usiku na lisilipwe tena. Ukiliona hilo, utaona kwamba tarehe 5 huhitaji kuwa na 25,500, yaani Aprili, Mei na Juni pamoja, mkononi. Unahitaji kumwonyesha kwamba deni limeacha kukua gizani.

Nenda kwa mzee mwenyewe, na uende kabla hajakuita. Baada ya alasiri, akiwa barazani, bila kumpita mwanawe kwa dharau. Kama kijana yupo, zungumza mbele ya wote wawili. Useme kiasi unachodaiwa kwa mdomo wako, maana mtu akitaja deni lake mwenyewe hasira ya anayedai hushuka. Kisha jioni hiyo hiyo uyaandike kwa ujumbe wa simu. Kitu kama hiki:

*"Shikamoo Mzee. Ni mimi wa mlango wa tatu. Kama tulivyozungumza leo, nadaiwa kodi ya Aprili na Mei, jumla 17,000. Hoteli ilitusimamisha Aprili na bado sijapata kazi nyingine. Tarehe 3 Juni nitalipa 4,000, tarehe 17 nitalipa 3,000. Tarehe 30 nitakuja tukubaliane kama naendelea kukaa au nahama. Naomba unijibu kama umeridhia, na kama pesa nizitume kwa simu yako au ya mwanao."*

Badilisha tarehe na viwango viendane na uwezo wako, lakini usiandike "nikipata". Andika kiasi ambacho hata siku mbaya hakitakushinda. Elfu mbili iliyofika siku uliyosema ina nguvu kuliko elfu kumi ya maneno. Ujumbe huu, ndiyo, ni ushahidi kwamba unadaiwa. Deni lenyewe hulikatai, kwa hiyo hupotezi kitu. Unachopata ni ushahidi kwamba mlikubaliana, na siku ya kufuli utauhitaji. Lile swali la mwisho la simu ya nani si adabu tu: nimeona wapangaji waliolipa mtoto, baba akasema hakuona kitu. Lipa kwa M-Pesa, zile jumbe usizifute, na ukilipa taslimu upewe risiti yenye sahihi.

Pesa za mwanzo zitoke wapi? Kama uko kwenye chama, omba kubadilishana zamu na mwenzako ambaye hana haraka. Ni jambo la kawaida na halina riba. Kama una Sacco, uliza kuhusu kusimamisha marejesho kwa miezi miwili kabla hujakosa hata moja. Na usiupuuze msikiti au kanisa la mtaani. Wenye madeni ni moja ya mafungu manane ya wanaostahiki zaka, na misikiti kadhaa huwa na kamati inayomlipa mwenye nyumba moja kwa moja ikishajiridhisha. Katika parokia za Kikatoliki uliza kikundi cha Mtakatifu Visenti wa Paulo. Watu wengi huona haya kuomba huko na hawaoni haya kukopa kwenye simu, jambo ambalo sijawahi kulielewa.

Turudi basi kwenye ule mkopo. Deni la mzee halizai. Ukimlipa Julai badala ya Juni, bado ni 17,000. La simu linazaa, ada mara nyingi hukatwa mwanzoni, unaandikiwa 15,000 na kinachoingia ni pungufu, na siku 30 zitakwisha hoteli haijakuita. Utakuwa umebadilisha mdai mmoja unayemjua, mwenye baraza unayoweza kuikalia, kwa wadai wawili usiowaona. Hasla Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, ina riba nafuu, asilimia 8 kwa mwaka, lakini inatakiwa irudi ndani ya siku 14, na wewe hujui siku 14 zijazo utakuwa na nini. Kama tayari umeshakopa kidogo mahali, ujue kanuni za Benki Kuu za 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kuwapigia watu walio kwenye simu yako ili kukuaibisha.

Nimechelewa kufika kwenye jambo ambalo hukuliuliza, na ndiko pesa zilipo. Hoteli yako imekufanya nini hasa? "Nenda nyumbani tutakuita" si likizo, si kufutwa, wala si kupunguzwa kazini. Ni kukuacha njia panda bila gharama kwao. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mwajiri akipunguza wafanyakazi lazima atoe notisi ya mwezi mmoja, amjulishe pia afisa wa leba, alipe siku za likizo ambazo hukuchukua, na alipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Tupige hesabu. Msingi wa 21,000 ni 700 kwa siku. Siku 15 mara miaka mitano ni siku 75, yaani 52,500. Ongeza mshahara wa mwezi mmoja kama hawakukupa notisi, 21,000. Hiyo ni 73,500 kabla ya likizo na kabla ya makato, ilhali kodi unayodaiwa ni 17,000.

Usikimbilie huko kichwa kichwa, lakini. Ukiishinikiza hoteli ikulipe kama aliyepunguzwa, umekubali kwamba kazi imekwisha, na Julai au Agosti wenzako wakiitwa wewe hutaitwa. Hoteli nyingi za pwani hufanya hivi kila masika, bahari ikichafuka na kusi, na kweli huwarudisha watu. Wewe umekaa pale miaka mitano, unajua tabia ya mwajiri wako kuliko mimi. Ninachoshauri ni hatua ya kati. Andika barua fupi kwa meneja wa wafanyakazi, uulize mambo mawili tu: hali yangu ya kazi ni ipi tangu Aprili, na siku zangu za likizo zilizobaki zinaweza kulipwa sasa? Sheria inakupa siku 21 za kazi za likizo kwa mwaka, na wengi wenu huwa na akiba yake. Barua hiyo haivunji uhusiano. Jibu lake, au ukimya wake, ndilo litakaloamua hatua inayofuata.

Uliza pia chama cha wafanyakazi. Kama hoteli iko chini ya KUDHEIHA, mkataba wa pamoja huenda una kifungu cha msimu mbaya kinachosema unatakiwa upewe nini ukiwa nyumbani. Na utazame hati ya mshahara: mwajiri analazimika kukupa nyumba au marupurupu ya nyumba juu ya mshahara, isipokuwa mkataba unasema wazi kwamba mshahara umeyajumuisha. Nimeona hati zisizo na mstari huo kabisa. Madai ya kazi yana muda wake: malalamiko ya kuachishwa isivyo haki hupelekwa kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu, na mahakamani ndani ya miaka mitatu. Tangu Aprili mpaka sasa saa inahesabu, kwa hiyo barua iende wiki hii.

Kuna uamuzi mwingine, mgumu kidogo, nao ni kukaa au kuhama. Tuseme umelipa hizo 7,000 mwezi wa Juni. Mwisho wa Juni deni litakuwa 25,500 kutoa 7,000, yaani 18,500. Ukihama kwa makubaliano, mzee akakubali dipositi iliwe, unabaki na deni la 10,000 ambalo unaweza kulipa 2,000 kwa mwezi. Ukikaa mpaka mwisho wa Agosti bila kazi, ongeza 17,000 nyingine. Upande wa pili, chumba cha 3,500 kitataka kodi na dipositi kwa pamoja, 7,000, juu yake mkokoteni, na watoto wasije wakalazimika kubadili shule katikati ya muhula. Yaani zile pesa za chama haziwezi kufanya kazi mbili.

Mimi ningepima hivi. Barua ya hoteli ikirudi na tarehe ya kuitwa ambayo unaiamini, kaa, na pesa zote ndogo ziende kwa mzee. Ikirudi na maneno matupu, au isirudi kabisa mpaka Juni 20, anza kutafuta chumba, na umwambie mzee waziwazi kwamba pesa inayofuata itakuhamisha ili deni lisimame. Wazee wengi wenye nyumba wataikubali hesabu hiyo, maana mlango wa tatu ukiwa wazi Julai atapata mpangaji anayelipa. Usihame usiku. Dipositi itapotea, deni litabaki, na Kisauni ni ndogo kuliko inavyoonekana.

Na ikitokea umerudi jioni ukakuta kufuli? Usilivunje, kwa sababu ukifanya hivyo kesi itageuka kuwa yako. Piga picha, ita jirani mmoja ashuhudie, mpigie mzee mwenyewe si mwanawe, umkumbushe ujumbe wenu. Asipopatikana, nenda kwa mzee wa mtaa na kwa chifu. Wao hawana mamlaka ya kumruhusu mtu akutoe, lakini kufuli nyingi hufunguliwa ofisini kwa chifu kabla ya magharibi. Vitu vyako vikiwa vimebebwa, nenda kituo cha polisi upate nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Asubuhi yake nenda kwa msaada wa kisheria. Mahakama inaweza kutoa amri ya haraka ya kukurudisha ndani. Amri hiyo haifuti deni, itakupa tu muda na utaratibu. Kijana akianza kukudai kitu kingine badala ya kodi, unanielewa, hapo hatuzungumzii tena nyumba. Hilo ni la polisi, dawati la jinsia, siku hiyo hiyo.

Msaada wa ana kwa ana upo na haulipiwi. Kituo cha Sheria, kilichoanza 1973, kina ofisi Mombasa na kinashughulikia nyumba na kazi pia, yaani matatizo yako yote mawili kwenye meza moja. FIDA, shirikisho la mawakili wanawake, nao wapo Mombasa kwa wanawake, na ukitaka kumfuatilia baba wa watoto kuhusu matunzo anza nao. Ipo pia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria chini ya sheria ya 2016. Kwa suala la hoteli, afisa wa leba hahitaji wakili wala ada.

Ukienda, usiende mikono mitupu. Chukua kitambulisho, jumbe za M-Pesa za kodi uliyolipa nyuma, risiti ya dipositi kama unayo, hati za mshahara za mwaka mmoja, barua uliyoiandikia hoteli ikiwa na muhuri wa kupokelewa, na ule ujumbe wako kwa mzee. Kama mkataba wa nyumba ulikuwa wa mdomo, sema hivyo hivyo. Jumbe za malipo za mwezi baada ya mwezi zinatosha kuonyesha kwamba wewe ni mpangaji.